Pikapu mpya inakurusha? Tafuta chanzo kabla ya kununua shokapu

Malalamiko haya huwa yanafanana. Mtu ametoka kwenye gari dogo, amekabidhiwa funguo za pikapu, viti bado vinanukia upya, na kwenye tuta la kwanza nyuma inaruka kana kwamba ekseli imechomelewa kwenye chasisi. Wiki ya pili anaulizia bei ya shokapu. Hapo ndipo ningemshika mkono asubiri kidogo, maana kwa gari lililotoka kiwandani juzi, shokapu ziko mbali sana kwenye orodha ya watuhumiwa.

Kwanza tukubaliane ugumu upi ni wa kuzaliwa nao. Springi za nyuma za pikapu nyingi, zile za vyuma bapa vilivyolaliana, zilipangwa kwa siku ya mzigo, na sisi wengi tunaendesha siku zisizo na mzigo. Chukua hesabu nyepesi. Tuseme nyuma ikiwa tupu springi zinabeba kilo 600 na zimebonyea sentimita 5. Nyuma hiyo ikirushwa itapanda na kushuka kama mara 2.2 kwa sekunde. Ongeza mzigo mpaka springi zibebe kilo 1,400: zitabonyea karibu sentimita 12, na mwendo ule wa juu na chini utapoa hadi mara 1.5 hivi kwa sekunde, jirani kabisa na gari dogo la abiria. Springi ni zilezile. Ndiyo maana wenye kubeba saruji kila siku hawakuelewi ukiwaambia pikapu ni ngumu.

Kwa hiyo pikapu yako ilinganishe na nyingine ya toleo lilelile, yenye tairi za aina ileile, ikiwa tupu kama yako. Ikiwa zote mbili zinarusha sawa, hakuna kilichoharibika na kazi iliyobaki ni kulainisha. Ikiwa yako ni mbaya zaidi, kuna kitu cha kutafuta.

Na kabla ya kutafuta, jua unachohisi. Zima redio, toa jeki na spana zinazogongana nyuma ya kiti (kelele hukuza mrusho kichwani kuliko mtu anavyodhani), kisha pita barabara unayoijua kwa spidi tatu tofauti. "Inarusha" ni neno moja linalobeba magonjwa manne au matano, na dawa zake hazifanani.

Inapokea kila kokoto

Lami ni nzuri kwa macho, lakini unahisi kila kiraka na kila kiungo cha daraja. Hakuna mruko mkubwa, ni ukavu tu unaopanda kwenye usukani mpaka viganja vinafanya ganzi. Hii anza nayo kwenye upepo wa tairi, na mara nyingi utaimalizia hapohapo.

Magari mapya husafiri safari ndefu melini, kwenye treni na juu ya malori, kisha husimama uwanjani kwa wiki au miezi. Ili tairi zisipate ubapa kwa kusimama, hujazwa upepo kuliko kawaida. Kabla ya kumkabidhi mnunuzi, gereji ya muuzaji inatakiwa kuushusha hadi kiwango cha barabarani, na hiyo ni kazi ya dakika chache ambayo husahaulika kirahisi siku magari yanapokuwa mengi. Yangu niliipokea ikiwa na psi 51 (psi ni kipimo cha upepo) mbele na 48 nyuma, ilhali kibandiko kinasema 35. Nilizunguka nayo wiki nzima nikizitukana springi ambazo hazikuwa na kosa.

Kibandiko hicho utakikuta kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ukiufungua. Fuata namba hiyo. Ile iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi yenyewe, na aliyeitengeneza hakujua itafungwa kwenye gari gani. Pikapu nyingine zina safu mbili kwenye kibandiko, ya gari jepesi na ya gari lililojaa. Kujaza kwa safu ya pili mwaka mzima huku nyuma umebeba tairi la akiba na vumbi ni kujitafutia adhabu. Kama geji yako inasoma kwa bar, bar 1 ni psi 14.5, hivyo psi 35 ni bar 2.4 hivi.

Pima tairi zikiwa baridi, yaani asubuhi kabla hujaondoka, au baada ya gari kusimama angalau saa tatu. Joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, upepo hupanda kama psi 2. Ukipima baada ya mwendo wa mchana utasoma psi 4 au 5 za uongo, utazitoa, na kesho asubuhi utakuta tairi zimelegea chini ya kiwango. Geji ya mkononi yako mwenyewe inatosha. Hata kama inakosea kwa psi 1, itakosea vilevile kila siku, na hilo linakufaa kuliko kupima leo kwa geji hii na kesho kwa ile.

Kuna kipimo cha kizamani ninachokipenda kwa sababu kinaonekana kwa macho. Chora mstari mnene wa chaki ukikata uso wa tairi kutoka bega moja hadi jingine, halafu endesha polepole, moja kwa moja, mita 30 au 40 kwenye sehemu tambarare iliyo kavu. Shuka uangalie. Chaki ikiwa imefutika katikati tu na mabegani bado ni nyeupe, tairi imevimba na inasimama kwenye mgongo wake. Ikifutika mabegani tu, upepo umepungua. Ikififia sawasawa, tairi imekaa vizuri. Chaki isikushawishi kushuka chini ya kibandiko, lakini itakuonyesha kwa nini psi 50 zilikuwa zinakuumiza.

Upepo ukiwa sahihi na ukavu bado upo, soma herufi za tairi. Ukubwa ukianza na LT (kifupi cha Kiingereza cha malori mepesi), hasa ikiwa na daraja la mzigo E, hiyo ni tairi ya kazi nzito na mbavu zake haziwezi kuwa laini. Usijaribu kuilainisha kwa kutoa upepo, kwa sababu kwa mzigo uleule tairi ya namna hii huhitaji upepo mwingi zaidi kuliko tairi ya kawaida. Ukiupunguza, mbavu zinapata moto na tairi inaweza kupasuka. Suluhisho ni kubadilisha tairi zikiisha, ukichukua daraja linalotosha mzigo wako halisi na lisilopungua lile la kiwandani.

Angalia na rimu pia. Tairi ya 265/65R17 ina ubavu wa milimita 172 kati ya rimu na barabara. Ya 265/50R20, yenye kimo karibu kilekile, ina milimita 132. Sentimita 4 za mpira zimegeuka chuma ili gari lipendeze. Muuzaji hatakwambia hivyo, na kusema kweli wanunuzi wengi hawaulizi.

Nyuma inapiga teke kama punda

Hapa mwendo wa kawaida si mbaya sana, ila kwenye tuta au shimo nyuma inarushwa mara moja, kwa nguvu, na kichwa kinakaribia dari. Weka mifuko ya mchanga ya jumla ya kilo 150, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, uifunge kwa kamba isije ikahama kwenye kona, kisha rudia njia ileile. Teke likipungua sana, gari ni zima na lilikuwa linakosa uzito tu. Uzito huo uhesabu ndani ya mzigo unaoruhusiwa, pamoja na abiria na kifuniko cha nyuma kama umefunga.

Teke likibaki lilelile, kuna kitu kinazuia springi isitembee. Egesha sehemu tambarare, gari likiwa limesimama kwa miguu yake minne, uingie chini na tochi. Ukilazimika kuinua, tumia stendi. Jeki peke yake haikulindi.

Tazama raba nene iliyo kati ya ekseli na chasisi, ile inayopokea kishindo springi inapofika mwisho. Pima nafasi iliyopo kushoto na kulia. Gari tupu likiwa na nafasi ya kidole kimoja upande mmoja na ngumi upande mwingine, una kesi. Tahadhari moja tu: matoleo mengine yamepewa raba ndefu laini inayogusa mapema kwa makusudi, ikifanya kazi kama springi ya pili, kwa hiyo linganisha na pikapu nyingine kabla hujaanza kugombana na mtu.

Halafu nenda mbele uangalie ndani ya springi za koili. Baadhi ya magari husafirishwa yakiwa yamepachikwa vipande vya plastiki ngumu au raba vya kuizuia springi isicheze safarini, na vinatakiwa kutolewa kabla ya gari kukabidhiwa. Vikisahaulika, mbele inakuwa kavu kama mkokoteni. Huhitaji ufundi kuvitambua: ni kitu kilichobanwa kati ya mizunguko ya springi, hakifanani na chuma kinachokizunguka, na mara nyingi kipo pande zote mbili.

Uliza pia gari lilifanyiwa nini kati ya kiwanda na wewe. Kama kuna bapa la ziada la springi, au mifuko ya upepo ya kusaidia mzigo, umepata mhalifu bila kutafuta. Mifuko ya upepo iliyojazwa ya kubeba tani moja na kuachwa hivyo gari likiwa tupu huifanya nyuma iwe gogo. Ishushe hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na waliotengeneza mifuko hiyo, usiimalize yote.

Lipo jingine ambalo hata mafundi wazoefu hulipita. Bushi za raba kwenye ncha za springi na kwenye mikono ya sasipensheni ya mbele hazizunguki kama beringi. Raba yenyewe ndiyo inayojinyonga. Fundi akikaza bolti zake huku magurudumu yananing'inia hewani, raba inakuwa imeshajinyonga hata kabla gari halijagusa chini, na kila tuta linaisokota zaidi. Gari linakuwa gumu, linasimama juu kuliko kawaida, na bushi huchanika mapema. Kama sasipensheni iliguswa baada ya kiwandani, mwambie fundi alegeze bolti hizo, ashushe gari likae kwa uzito wake, alitikise, kisha akaze kwa kipimo cha mtengenezaji. Nimeona gari likibadilika kwa kazi hiyo tu, bila kipuri hata kimoja.

Mabapa yenyewe yana msuguano. Kwenye vituta vidogo nguvu haitoshi kuyafanya yateleze, na kishindo chote kinapita kama kilivyo. Springi nyingi zina vipande vya plastiki kwenye ncha za mabapa vya kuyasaidia kuteleza. Hakikisha vipo vyote, kisha osha tope kwa maji. Usimwage oili chakavu hapo. Itashika vumbi na kuwa msasa, na raba za bushi zitavimba.

Inapita tuta kisha inaendelea kunesa

Hii ndiyo dalili halisi ya shokapu. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi, mzigo haibebi. Ukavu kwenye vituta vidogo unaweza kutokana na shokapu iliyobana mno, lakini kunesa kusikoisha ni shokapu iliyoshindwa au bolti yake iliyolegea.

Ile mbinu ya kukandamiza kona ya gari kwa mikono ni ya magari madogo. Nyuma ya pikapu tupu haishuki hata ukikaa juu yake, na hujajifunza kitu. Badala yake mwambie mwenzako asimame kando ya tuta moja, wewe pita kwa kilomita 20 kwa saa, yeye ahesabu. Nyuma ipande, ishuke, itulie. Ikirudi kupanda mara ya tatu, ichunguze.

Ukungu mwembamba wa mafuta karibu na fimbo ya shokapu si tatizo. Mafuta yanayochuruzika mpaka chini ya mtungi ni tatizo, na kwa gari jipya hilo linaingia kwenye dhamana moja kwa moja. Kuna na kipimo cha joto: endesha barabara mbovu kwa dakika 15 au 20, simama, kisha sogeza mkono karibu na kila shokapu bila kuikumbatia, maana inaweza kukuunguza. Shokapu inayofanya kazi inageuza mtikisiko kuwa joto. Ya nyuma kushoto ikiwa moto na ya kulia ya baridi, hiyo ya baridi haifanyi kazi.

Inatetemeka kwa spidi fulani tu

Hapa springi ziache. Mtetemo unaokuja kwenye kilomita 90 na kupotea kwenye 120 unatokana na kitu kinachozunguka, na swali ni kipi.

Tairi ya 265/65R17 ina mzingo wa mita 2.4 hivi. Kwenye kilomita 100 kwa saa inazunguka mara 11 na ushee kwa sekunde, na mtikisiko wake mtu anauhisi kama kutikiswa: usukani ukicheza tatizo liko mbele, kiti kikicheza liko nyuma. Propela shafti, fimbo inayopeleka nguvu kwenye difu (gia za ekseli ya nyuma), kama difu ina uwiano wa 3.9, inazunguka mara 44 kwa sekunde kwenye spidi hiyohiyo, na yenyewe haitikisi, inavuma. Utaihisi sakafuni na kwenye meno. Ukiachia mafuta na mvumo ukabadilika, mashaka yanaongezeka kwa propela, viungo vyake au senta beringi. Kutikisika kwa tairi hakujali sana kama unakanyaga au umeachia.

Kwa tairi, rudia balansi kwanza. Ikigoma, mwambie fundi azungushe gurudumu hewani huku ameweka kitu kilichotulia karibu na uso wa tairi, aone kama linapanda na kushuka. Tairi isiyo duara, au iliyokaa vibaya kwenye rimu, inaweza kupita mashine ya balansi vizuri kabisa na bado ikakutikisa. Na kama mdundo upo kilomita chache za asubuhi kisha unapotea, ni ubapa wa kusimama. Kwa kawaida huisha kwa kuendesha.

Kuna mtikisiko mmoja ambao hakuna fundi atakayeuona gereji. Kwenye barabara za zege zenye viungo vinavyofuatana kwa umbali sawa, chasisi ndefu ya pikapu inaweza kuingia kwenye mdundo huo na kuanza kunesa yenyewe, kabini ikienda huku na bodi ya nyuma kule. Viungo vikiwa kila mita 4.5, kwenye kilomita 100 kwa saa unapigwa mara 6 kwa sekunde, na mwili wa binadamu huhisi zaidi mtikisiko wa juu na chini wa kati ya mara 4 na 8. Ndiyo maana tumbo linachafuka. Ongeza au punguza kilomita 10 kwa saa. Ukipona, umelijua. Mchanga wa kilo 100 karibu na mlango wa nyuma hubadilisha hali pia, wakati mwingine kwa uzuri na wakati mwingine kwa ubaya, kwa hiyo jaribu na hapo juu ya ekseli. Kaza bolti za bodi ukiwa huko.

Iliinuliwa kabla hujaichukua

Pikapu iliyonyanyuliwa kwa mtindo ina ugomvi wake. Mbele ikiinuliwa kwa kukaza springi au fimbo za msokoto, ugumu wa chuma haubadiliki, kinachopotea ni safari ya gurudumu kwenda chini. Gurudumu likiingia shimoni, mkono wa sasipensheni unafika mwisho wa safari yake ya kushuka na kugonga chuma. Utasikia "ta!" unapotoka kwenye tuta, siyo unapolipanda. Shusha sentimita 2 au 3, fanya alaimenti, kisha usikilize tena.

Ukiamua kutumia pesa

Umepima, umelinganisha, gari ni zima na bado hulipendi. Tairi ndizo zitakazokupa tofauti kubwa, zikifuatiwa na shokapu zenye ubora zilizopangwa kwa gari linalotembea tupu mara nyingi. Springi laini za nyuma ziwe za mwisho, na ujue unauza uwezo wa kubeba ili kununua starehe.

Usichomoe bapa moja kwenye springi za kiwandani. Najua wapo wanaofanya na wanasifia. Mabapa yaliyobaki yanabeba kazi ya lililoondoka, ekseli inajipinda unapokanyaga mafuta, gari linalala nyuma siku ya mzigo, na ukipata ajali ukiwa umepakia, karatasi za gari zitasema uwezo ambao gari lenyewe halina tena. Springi ikifunguliwa kwa sababu yoyote, nati za yu-bolti zikazwe upya baada ya kilomita mia chache za mwanzo.

Kurudi kwa aliyekuuzia

Ukiwa na dalili ambayo haikuondoka kwa upepo sahihi wala kwa kilo 150 za mchanga, rudi kabla hujafunga kitu chochote cha nje, maana kipuri cha nje ndicho kisingizio cha kwanza cha kukataa dhamana. Usiseme "inarusha". Sema: nyuma kulia inagonga mara moja kwenye tuta kwa kilomita 30, upepo psi 35 baridi, gari tupu, raba ya kulia ina nafasi ya sentimita 2 na ya kushoto 5. Fundi akae kiti cha abiria, wewe uendeshe, kwenye barabara unayoijua. Kisha omba mzunguke barabara hiyohiyo na pikapu nyingine ya toleo lako iliyopo uwanjani, na kabla ya kuondoka nayo, toa geji mfukoni upime tairi zake. Huenda nazo zina psi 50.